Goitein na makaratasi ya Fustat

Waheshimiwa wageni, walimu wangu, mashekhe zetu, ndugu na vijana mliokuja jioni hii hapa Unguja, assalaam alaykum, na wengine wote hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya mwanachuoni mmoja wa maandiko ya Kiyahudi na Kiarabu, nikaachiwa nimchague mwenyewe. Najua wengi mlitarajia Musa bin Maimun, tabibu na mwanafalsafa wa Kairo ambaye Wazungu humwita Maimonides. Huyo nitamgusa, kwa sababu ya msiba wake. Niliyemchagua ni mtu wa juzi tu, aliyefariki mwaka 1985, naye ni Shelomo Dov Goitein. Kwetu jina lake halitajwi sana, jambo linalonishangaza, maana mengi tunayoyajua kuhusu wafanyabiashara wa kawaida waliovuka Bahari ya Hindi katika karne ya 11 na ya 12 tumeyapata kwa jasho lake.

Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1900 katika mji mdogo wa Burgkunstadt, Bavaria, nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa rabi wa wilaya mwenye asili ya Hungaria, na ukoo wao ulikuwa wa marabi tangu mababu. Hata jina la ukoo limetokana na mji wa Kojetín, huko Moravia. Mji huo muuweke akilini, utatukuta tena mbele. Baba alifariki mwaka 1914 na kijana akakulia Frankfurt. Akasoma chuo kikuu huko na Berlin, mwalimu wake mkuu akiwa Josef Horovitz, ambaye naye aliwahi kufundisha Kiarabu Aligarh, Uhindi. Mtoto wa rabi akaandika tasnifu yake kuhusu sala katika Qurani.

Mwaka 1923 alipanda meli kwenda Palestina. Safarini alikuwa pamoja na Gershom Scholem, aliyekuja kuwa bingwa wa elimu ya batini ya Kiyahudi. Vijana wawili, meli moja: mmoja akaishia kwenye siri za mbinguni, mwenzake kwenye bei ya kitani. Lakini hilo la kitani lilichelewa sana. Kwanza Goitein alifundisha shule mjini Haifa kwa miaka 4, akaandika tamthilia kuhusu Wayahudi wa Blois waliochomwa moto mwaka 1171, na mwaka 1928 akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalemu, kufundisha historia ya Uislamu.

Huko alifanya kazi ambayo mwanachuoni yeyote angetosheka nayo. Alihariri juzuu ya tano ya Ansab al-Ashraf, kitabu cha al-Baladhuri cha nasaba na historia ya Waarabu, ikachapishwa mwaka 1936. Mashekhe waliopo hapa hawahitaji niwaeleze uzito wa kitabu hicho. Aliandika juu ya Ramadhani, juu ya mwandishi Ibn al-Muqaffa, juu ya taasisi za dola ya Kiislamu. Pia aliwafuata Wayahudi wa Yemeni waliohamia Palestina, akakaa nao, akawasikiliza wakizungumza Kiarabu chao, na mwaka 1934 akachapisha mkusanyiko wa methali na misemo yao zaidi ya 1,000. Alikuwa akisema kwamba Wayahudi wa Yemeni ndio Wayahudi kuliko Wayahudi wote, na ndio Waarabu kuliko Wayahudi wote. Mwaka 1949, Wayahudi hao walipokuwa Adeni wakisubiri ndege za kuwapeleka Israeli, alikwenda hukohuko kuendelea kuwahoji.

Hapo katikati, kuanzia 1938 hadi 1948, alikuwa pia ofisa mwandamizi wa elimu katika serikali ya Waingereza Palestina, shule za Wayahudi na za Waarabu zikiwa zote chini ya uangalizi wake. Mimi naamini miaka hiyo ilimfunza zaidi ya maktaba. Mtu aliyekwisha kusoma malalamiko ya walimu kuhusu mishahara hawezi kuidharau barua ya mwalimu wa watoto wa mwaka 1100 anayelia kwamba wazazi hawajamlipa.

Sasa tufike kwenye makaratasi.

Fustat, mji mkongwe ulio kusini mwa Kairo ya leo, kuna sinagogi liitwalo Ben Ezra. Wayahudi, kama sisi tusivyoutupa msahafu uliochakaa, walikuwa hawatupi karatasi yenye jina la Mungu. Waliiweka katika chumba maalumu, geniza, hadi itakapozikwa. Huko Ben Ezra chumba hicho kilikuwa juu ukutani, hakiingiliki ila kwa ngazi, na kwa karne nyingi watu waliendelea kutumbukiza humo bila kuzika. Nao hawakuishia kwenye vitabu vya dini. Barua yoyote ya heshima huanza kwa jina la Mungu, basi na barua nazo zikaingia, na hesabu za duka, mikataba ya ndoa, talaka, wasia, maombi ya sadaka, orodha za shehena, mazoezi ya watoto ya kuandika herufi. Hewa kavu ya Misri ikavihifadhi.

Mwaka 1896 mapacha wawili wa Kiskoti, Agnes Lewis na Margaret Gibson, wanawake waliobobea katika Kisiria na Kiarabu, walirudi Cambridge na vipande walivyonunua safarini. Kimoja kilikuwa ukurasa wa Yoshua bin Sira kwa Kiebrania, kitabu ambacho kwa karne nyingi kilijulikana kwa tafsiri tu. Aliyeutambua ni Solomon Schechter. Mwishoni mwa mwaka huohuo akaenda Kairo, akaingia chumbani, akameza vumbi, na kurudi na vipande karibu 193,000. Ukijumlisha na vilivyotangulia kuuzwa huku na huku, hesabu inakaribia 400,000, navyo vimetawanyika Cambridge, Oxford, New York, Budapest na kwingineko.

Schechter alikuwa akitafuta vitabu, na waliomfuata hali kadhalika. Karatasi ya mfanyabiashara anayeuliza bei ya pilipili manga waliiona haina maana. Katika miaka ya 1950 Goitein aligundua kwamba maktaba ya Cambridge bado ina makasha ya vipande vilivyowekwa kando kama takataka. Aliyafungua. Yaliyomo yakawa mkusanyiko mpya mzima, na wanaufanyia kazi hadi leo.

Kilichomwingiza yeye ni bahati. Mwaka 1948 alikwenda Budapest, akaona vipande vya Geniza katika mkusanyiko wa David Kaufmann. Kaufmann huyo alizaliwa Kojetín, mji uleule uliowapa akina Goitein jina lao. Halafu, Oxford, akakutana na kumbukumbu za mahakama ya marabi ya Fustat za mwaka 1097 na 1098: kesi kati ya wafanyabiashara wawili juu ya mali iliyopelekwa Uhindi. Mshitakiwa alikuwa Joseph Lebdi, mtu wa asili ya Libya aliyekwenda Uhindi na kurudi. Goitein alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi. Katika umri ambao wanazuoni wengi huanza kukusanya makala zao za zamani, yeye akaanza upya.

Naomba mnielewe ugumu wa kazi yenyewe. Nyaraka hizi nyingi ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Sisi tuliokulia na barua za mababu zetu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hatuna haja ya kuelezwa zaidi: mjuzi wa herufi bila lugha hapati kitu, na mjuzi wa lugha bila herufi hapati kitu. Kiarabu chenyewe si cha mwanasarufi Sibawayhi, ni cha sokoni, kimechanganyika na maneno ya Talmudi, kitabu cha sheria za Kiyahudi, na ya ufundi wa ngozi na hariri. Mwandishi amejaza ukurasa, akaugeuza, akajaza pambizo, akamaliza nyuma. Nusu ya juu iko New York na nusu ya chini iko Cambridge. Tarehe hakuna. Goitein alijifunza kuzitambua hati za mikono ya makarani, kama Halfon bin Manasse, karani wa mahakama aliyeandika tangu 1100 hadi 1138. Ukiujua mwandiko wa Halfon, karatasi isiyo na tarehe imepata tarehe. Yote hayo aliyaweka kwenye kadi, na alipofariki kadi zilikaribia 27,000.

Mwaka 1957 alihamia Marekani, kufundisha Kiarabu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia. Baada ya kustaafu akahamia Princeton, kwenye Taasisi ya Masomo ya Juu. Nia yake ilikuwa kitabu kimoja tu, kitabu cha biashara ya Uhindi. Lakini kila aliposoma barua ya Adeni alijikuta anahitaji kujua nyumba ilipo Fustat, binamu aliyeko Tunisia, hukumu ya mahakama. Mwaka 1958 akakisitisha kitabu cha Uhindi ili aielewe kwanza jamii waliyotoka wale wasafiri. Huko “kwanza” kulimchukua maisha yaliyosalia. Kukazaliwa *A Mediterranean Society*, juzuu tano: uchumi mwaka 1967, jumuiya 1971, familia 1978, maisha ya kila siku 1983, na ya mwisho, ya mtu binafsi, ikatoka 1988, yeye akiwa ameshatangulia.

Ndani ya juzuu hizo kuna watu. Nitawatajia wachache.

Kuna mwanamke wa Fustat, Karima binti Ammar, aliyejulikana kwa jina la al-Wuhsha, dalali na mkopeshaji, karibu na mwaka 1100. Alizaa mtoto na mwanamume wa Ashkeloni bila ndoa iliyokubaliwa na mahakama ya marabi. Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, siku ile ya kufunga na kutubia, alitolewa nje ya sinagogi mbele ya watu. Baadaye wasia wake ukapatikana Geniza. Anayaachia masinagogi ya mji fedha za mafuta ya taa ili watu wasome usiku, na lile lililomtoa nje limo. Anaagiza mwanawe atafutiwe mwalimu wa Maandiko na kitabu cha sala, na mwalimu huyo apewe blanketi na zulia la kulalia, apate kukaa na mtoto. Mimi nimesoma vitabu vingi vya fikihi na vya historia ya wafalme, sijamwona humo mama anayewaza mwalimu wa mwanawe atalalia nini.

Kuna Adeni. Mwaka 1135 mtawala wa kisiwa cha Kish, Ghuba ya Uajemi, alituma merikebu kuuteka mji huo. Barua mbili za mashahidi, alizozichapisha Goitein mwaka 1954, zinaeleza jinsi mji ulivyozingirwa miezi kadhaa, hadi zilipoingia merikebu mbili za Ramisht, tajiri Mwislamu wa Siraf. Zikajazwa askari, na adui akaondoka. Huyu Ramisht ndiye aliyeivika Kaaba kwa kitambaa cha Kichina. Wayahudi wa Adeni wanamwandika kama mtu wao, kwa kuwa mali zao zilisafiri katika merikebu zake.

Na kuna Abraham Ben Yiju, mtu wa Mahdia, Tunisia, aliyekaa pwani ya Malabar, Mangalore, tangu 1132 hadi 1149, akiendesha kiwanda cha vyombo vya shaba. Kutoka Adeni wenzake humtumia shaba iliyovunjika aifue upya, na zawadi: sukari, zabibu, na karatasi nzuri za kuandikia. Naye huwarudishia pilipili, chuma, popoo na makufuli. Ukisoma orodha hizo unasikia harufu ya forodha zetu za zamani. Pepo zilikuwa hizihizi, kaskazi na kusi. Mtu akikosa musimu, alikosa mwaka mzima.

Sasa Musa bin Maimun niliyewaahidi. Mdogo wake, Daud, ndiye aliyekuwa akifanya biashara na kumwezesha kaka kusoma. Barua ya Daud ipo, kaiandika Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu, baada ya kuvuka jangwa. Anamwambia kaka yake kwamba hakukuta bidhaa ya maana pale, kwa hiyo ameamua kuendelea hadi Uhindi, asiwe na wasiwasi. Alizama baharini. Miaka baadaye yule mwanafalsafa aliandika kwamba habari ile ilimlaza kitandani kiasi cha mwaka mmoja, na kwamba Daud alizama na mali yake, ya kaka yake na ya watu wengine, akamwachia mjane na binti mdogo. Barua ya Aydhab iko Cambridge, na macho ya Goitein yamepita juu yake, kama yalivyopita juu ya maelfu ya nyingine.

Nisingependa mtoke hapa mkidhani namwona hana dosari. Goitein aliwapenda mno watu wake. Aliwaona kama raia wa tabaka la kati, wachapa kazi, wenye heshima na kujitawala, na msomaji mkali atauliza kama haoni humo Wayahudi wasomi wa Ujerumani ya utoto wake. Aliamini biashara yao ilisimama juu ya urafiki na uaminifu. Waliofuata, kama Avner Greif na Jessica Goldberg, wameizungusha hoja hiyo kila upande: ni sifa ya mtu iliyomlinda mfanyabiashara, au ni mahakama na mikataba? Mjadala haujafungwa.

Dosari inayonigusa zaidi ni hii. Ben Yiju alikuwa na mtumwa, Bama, aliyemtuma Adeni na mali, na barua kutoka Adeni humtumia Bama salamu. Tena mwaka 1132, mwezi Oktoba, alimwandikia hati ya uhuru mtumwa wa kike wa Kihindi, Ashu, ambaye inaaminika ndiye mama wa watoto wake. Goitein akiwaandika watumwa husisitiza imani waliyopewa, nafasi ya wakala, fahari ya kuwa katika nyumba kubwa. Anayoyasema yamo kwenye hati, sibishi. Lakini mimi ni mtu wa Unguja. Hati ziliandikwa na mabwana, na Bama hakuacha hata mstari mmoja. Sura zile za Goitein zina upole ambao mimi siuwezi.

Pamoja na hilo, kuna jambo moja ambalo wengi hulipitia haraka. Goitein aliandika yote haya miaka ya vita kati ya Israeli na nchi za Kiarabu. Mwaka 1955 alitoa kitabu kifupi kuhusu Wayahudi na Waarabu na makutano yao katika zama zote. Alikuwa Mzayuni, hakuficha. Hata hivyo hakuigeuza Misri ya Wafatimiya, watawala wake wa zama hizo, iwe jehanamu kwa Wayahudi, wala hakuipaka rangi iwe pepo. Ameonyesha mwenye karakana Myahudi akiwa na mshirika Mwislamu, wakigawana faida ya siku ya Ijumaa na ya Jumamosi kwa mapatano. Ameonyesha Wayahudi wakimwendea kadhi kwa hiari yao wakidhani watapata hukumu nzuri kuliko ya rabi. Na ameonyesha jizya, kodi ya wasio Waislamu, ilivyomwelemea fukara, akikiri kwamba mwanzoni mwenyewe aliudharau uzito wake hadi alipozisoma barua za maskini. Mwanachuoni anayekubali kubadilishwa na karatasi ya mtu asiye na kitu, huyo nitamsoma hata siku ambazo sikubaliani naye.

Mwaka 1983 wakfu wa MacArthur ulimpa tuzo yake. Alifariki tarehe 6 Februari 1985 huko Princeton, na nakala za kadi zake zikabaki Chuo Kikuu cha Princeton kuwa msingi wa maabara ya Geniza. Siku hizi inaongozwa na Marina Rustow, ambaye amegeukia kile ambacho Goitein hakukipa muda mwingi, yaani nyaraka za serikali ya Wafatimiya kwa herufi za Kiarabu. Ziliishia Geniza kwa sababu mistari yake ilikuwa mipana, na katikati ya mistari watu walipata nafasi ya kunakili mashairi ya ibada. Kitabu cha Uhindi kilichositishwa 1958 kilikamilishwa na mwanafunzi wake, Mordechai Akiva Friedman, kikatoka kwa Kiingereza mwaka 2008, miaka 50 baadaye.

Katika kitabu hicho pwani yetu inaonekana kwa mbali sana. Adeni ilipokea majahazi kutoka kila upande, lakini wateja wa Fustat walitazama mashariki, kwenye viungo. Barua zetu sisi zilizosalia ni za baadaye; miongoni mwa za kale kabisa kwa Kiswahili ni zile za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, nazo pia zimetunzwa ng'ambo ya bahari kwa sababu aliyeandikiwa alikuwa huko. Kilwa ya zama za Ben Yiju haijatuachia kasha la makaratasi, na kwa unyevu wetu na mchwa wetu sidhani kama litaonekana. Lakini hati za karne ya 19 zipo majumbani, nanyi mnazo: za mashamba ya karafuu, za rehani, za mahari, daftari za maduka. Vijana wa idara ya historia wamekuja na fomu za kuandikisha walionazo na wanaokubali zipigwe picha. Wanakaa meza ile ya mlangoni, na hati yenyewe hubaki kwa mwenyewe. Nashukuru kwa kunisikiliza. Shekhe hapo mbele ameshanyanyua mkono tangu nilipomtaja kadhi, basi na aanze yeye.